Maji Matupu

Chupa tano mezani, vizibo vimekazwa.
Dirisha li wazi upande wa Kibirizi,
harufu ya dagaa wa kuanikwa inaingia bila hodi.
Evodia Ntahondi ananipa funguo za kabati: Chagua.
Nami nilidhani kuchagua ni kazi ya sokoni.

Dawa yenyewe ni ya malaria,
unga wa manjano, mkaidi, unaoyakimbia maji.
Swali ni moja tu: unayakimbia kiasi gani?
Hofu haina mizani.
Tuna kibao cha kioo kilichopakwa silika,
tumekichovya katika parafini, tukakianika
mpaka kikawa na ngozi ya mafuta.
Karibu na ukingo wa chini, doa, dogo kuliko punje ya ulezi.
Kibao kinasimama ndani ya chupa ya jamu
na kimiminika kinakipanda taratibu,
kama maji yapandavyo pindo la kitenge lililoangukia beseni.
Dawa ipendayo maji hufuatana nayo hadi juu.
Ipendayo mafuta hubaki nyumbani.

Nilianza na maji matupu. Ujinga wangu.
Saa nzima na robo, doa halikutikisika.
Asiyesogea hapimiki,
unajua tu kwamba amekataa.

Basi atafutwe wa kumbembeleza.
Asetonitrili husafiri kwa treni kutoka Dar,
bei yake ya mahari, na mstari wake hupinda mbele ya safari.
Dioksani hulitamani ini la mpimaji.
Asetoni ina haraka: hujafunika chupa, imesharuka,
na mchanganyiko uliobaki si ule ulioupima.
Heksani na maji, watikise kutwa,
kila mmoja atarudi kwenye ghorofa lake.
Ethanoli ilikuwapo,
mpaka mlinzi alipojua ni nini.

Ikabaki methanoli.
Sumu ya macho, ndiyo, tukavaa miwani,
lakini huingia ndani ya maji bila ugomvi,
na tabia yake, kati ya wote, ndiyo inayokaribia ya maji.

Jumamosi parafini ikaisha.
Nikaleta mawese ya mama kutoka Mwandiga, nikachovya kibao,
kikatoka chekundu kama barabara ya Kasulu;
chini ya taa ya urujuanimno sikuona doa wala kivuli chake.
Evodia alicheka hadi akakaa chini.
Kibao tunacho bado, juu ya friji.

Jumatatu, parafini mpya.
Methanoli tisini na tano kwa mia: doa likapanda.
Tisini: likapanda kidogo.
Themanini na tano: likachechemea.
Themanini: sentimita moja na nusu katika nane.
Nikagawanya, nikatoa moja, nikatafuta logi,
nikaweka nukta nne kwenye karatasi ya miraba.
Zikajipanga. Nikaweka rula,
nikaurudisha mstari nyuma, sabini, hamsini, ishirini,
kuelekea sifuri, kuelekea maji matupu,
kule dawa ilikokataa kwenda.
Karatasi ikaisha. Nikagundisha ya pili.
Hiyo nayo ikaisha,
nikamalizia kwa chaki juu ya mbao za meza.

Jioni, Mama Bukuru langoni, mjukuu mgongoni.
Alimpa mseto wote, siku tatu, hakuruka dozi,
kila mara kwa uji mwepesi, mtoto hakutaka kingine.
Homa imerudi.
Nikampeleka mwenyewe kwa mganga wa zamu.
Akapewa dozi nyingine, na maneno yaleyale
yaliyoandikwa kwenye boksi kwa herufi za kichuguu:
na chakula chenye mafuta.

Kwa nini mafuta? aliniuliza njiani.
Nikaifikiria ile chaki mezani.
Nikasema: dawa hii, mama, maji yakiwa peke yake haiendi popote.
Akafikiri kidogo.
Mawese, basi, akasema. Kijiko kimoja au viwili?

Kwa hilo sikuwa na mstari.